Mpaka wa Moto

Jumamosi, mvua imechoka,
Rotterdam inajianika.
Viti vya chuma vinaburutwa juu ya matofali,
baiskeli zimelaliana ukutani
kama ndugu walionyimwa vitanda,
na kwenye mkahawa wa Nilson, mwana wa Kepuvede,
harufu ya kitunguu hutoka kwanza, muziki baadaye.

Natembea na Teuntje, aliyekwisha kupita tisini,
kigari chake cha kujishikiza kikilia
kwa gurudumu moja tu, la kushoto, mbele.
Atalitia mafuta. Amesema hivyo tangu Pasaka.

Tunapita nyumba ya sanaa: kioo kitupu,
ndani kiti kimoja, kimetundikwa darini.
"Nani akikalie?"
"Popo," namjibu,
naye anacheka mpaka inabidi tusimame.

Vijana wanatupisha. Mmoja nywele za kijani,
mmoja kabeba fidla mgongoni kama mtoto mwenye homa.
Ukutani, ghorofa nne nzima, samaki anameza kengele.
Mwaka jana alikuwa farasi.
Hapa hata kuta hazizoei sura zao.

Kisha, mtaa unapokwisha,
taa ndogo zilizozikwa chini, moja, moja, nyekundu,
zinapita katikati ya miguu ya watu.
Moto wa Mei ulifika hapa.
Nyuma yetu matofali ya zamani, yaliyosazwa;
mbele vioo juu ya vioo,
majengo yaliyonyoosha shingo kama wachunguliaji.

Alikuwa na miaka saba. Hasimulii.
Siku moja tu, akipaka siagi, alisema:
mkate ulikuwa na majivu,
mama akatuambia ni chumvi.
Akaendelea kupaka.

Mtu ameweka glasi yake juu ya taa mojawapo,
bia inawaka kutoka chini, nyekundu, nzuri kwa kweli.
Nafungua kinywa nimwambie.
Teuntje ananibana mkono: mwache.

Anainua mguu, juu kuliko haja,
kama mtu avukaye kizingiti,
anangoja kidogo
(sijui anangoja aitikiwe na nani)
kisha anaushusha ng'ambo,
mwingine unafuata,
gurudumu linalia.

"Viazi," anasema, akitafuta kibanda cha Soerjani kwa macho,
"vya mchuzi wa karanga. Vingi.
Na leo unalipa wewe."