Mstari wa Pili Umefungwa

Saa tisa usiku, Kutaisi. Theluji inabisha dirishani.
Naingia na kipande cha barafu ndani ya kidole cha glavu,
nimekifunga fundo, kama mama afungavyo chumvi.
Kitanda cha nne: Avtandil, miaka sitini na minane,
bomba ubavuni la kutoa damu na hewa,
na mrija mmoja, mwembamba kuliko tambi,
nilioupenyeza asubuhi kando ya uti wa mgongo,
pale mishipa ya fahamu inapotoka kwenda kuzizunguka mbavu.
Ganzi inadondoka humo, tone, tone.

Nagusa shavu kwanza. "Hii ni baridi?"
"Kama mkono wa mkaguzi."
Nashuka. Mtulinga: baridi.
Ubavu wa tano, wa sita, wa saba:
barafu inateleza, naye ananitazama
kama mtu anayesubiri treni iliyokwisha kupita.
"Najua unagusa," asema, "lakini uko mbali."

Alikuwa mtu wa ishara, stesheni ya Khashuri,
miaka thelathini na mitano ya kuvuta nyenzo za chuma.
Jana, kabla ya kutia sahihi, aliniuliza kikazi:
Mnafunga stesheni nzima?
La. Ukishaamka, mstari mmoja tu.
Na abiria wengine?
Miguu itatembea. Kichwa kitakuwa chako.
Akatia sahihi kwa herufi za kwao,
za mviringo, zinazoning'inia kama zabibu.

Nilianza kazi enzi za morfini peke yake.
Siilaumu; ina kazi yake.
Lakini niliwaona. Maumivu yalilala,
na pumzi nayo ikasinzia.
Tukipunguza dawa, kila kikohozi kisu,
basi wakapumua juu juu, pumzi za mwizi,
makohozi yakatuama,
siku ya tatu homa.
Baba yangu alikuwa kitanda cha pili. Siongezi neno.

"Sasa kohoa."
Anaukumbatia mto,
foronya kaidarizi mkewe, Lamara, komamanga mbili na moja haikumalizika.
Anaogopa. Mwili hauamini upesi habari njema.
"Kohoa, Avtandil."
Cha kwanza ni cha adabu, cha mgeni mlangoni.
Cha pili kinatoka chini kabisa, kwenye makaa ya mawe
na moshi wa dizeli na sigara za zamu ya usiku;
mapovu yanapanda chupani,
kitanda cha tano anaamka akilaani ukoo mzima.

Avtandil ameduwaa.
"Imepita," asema. "Imepita, na haikugonga kitu."

Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeshtaki:
"Ila bega."
Bega, ndiyo. Bega huuma kwa njia nyingine,
habari zake hupitia shingoni, na huko sikufunga.
Nilipaswa kumwambia jana. Sikumwambia.
"Kila stesheni," asema, "ina kigari kimoja
kisichomo kwenye ratiba."
Nampa vidonge viwili vya kawaida na maji nusu glasi.

Naandika: saa tisa na robo. Akitulia, mbili juu ya kumi.
Akikohoa, tatu. Bega, tano.
Hiyo tano naikoleza wino.

Koridoni nasimama, navuta pumzi
mpaka mbavu zinakataa,
naiachia.
Barafu imeyeyuka mfukoni, fundo limevuja,
paja langu limelowa, linasikia baridi.
Linasikia.