Daftari la Fundi Viatu, Kiborloni

Mimi mlima sijaupanda.
Naujua kwa soli.

Mwezi wa pili viatu hurudi vikavu,
vumbi la kijivu limejibana kwenye mishono,
gundi imekakamaa kwa baridi, imeachia puani.
Hapo najua: juu kulikuwa kweupe, nyota hadi alfajiri,
na maji ya kunywa yaliganda ndani ya mpira
kabla hawajafika Stella.

Mwezi wa nne ni habari nyingine.
Tope jeusi la msitu wa Umbwe
hupanda hadi tundu la nne la kamba,
ngozi imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai,
na ukitia mkono ndani
unatoa unyevu wa siku tatu na kipande cha soksi.
Sihitaji redio kuniambia masika.

Watu hudhani mvua ni mvua.
Hii inayopiga bati langu,
inayoozesha nyanya za jirani hapa sokoni,
ikifika kambi ya Barafu haiitwi mvua tena.
Inashuka kimya. Inafunika njia,
inafunika hata jiwe aliloliwekea alama kiongozi wa jana.
Kisha jua litoke, theluji ilegee,
na kule upande wa magharibi mawe yashuke bila hodi.

Juni ndiyo hunichekesha.
Sisi huku tumejifunga masweta, mawingu yamekaa vichwani,
mgeni anasimama mlangoni pangu na kuuliza:
mlima wenyewe uko wapi?
Uko juu ya haya mawingu, bwana. Unaota jua.

Elisaria wa Kirua alikuja mwishoni mwa Machi.
Ni mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wetu,
mguu namba arobaini na tatu, mfukoni hana kitu.
Nikamkodisha mabuti niliyokuwa nayo.
Nikamwambia, soli hii ni ya kiangazi.
Akacheka: Mama Ndeshi, njaa haina kiangazi.

Siku ya tano, Barafu,
mgeni wao akaanza kukohoa,
kikohozi cha majimaji,
kama sufuria inayochemka ikiwa imefunikwa.
Midomo ikawa rangi ya zambarau zilizoiva.
Akasema, zimebaki saa sita tu. Nimelipa.
Kiongozi akatazama saa,
akatazama kilele, akatazama tena saa.
Ni Elisaria, ambaye huwa haulizwi,
aliyetua furushi la mahema na kusema:
Huyu anazama.
Hakusema anaumwa. Anazama,
nchi kavu, mita elfu nne na mia sita.

Wakamshusha usiku uleule
kwa machela ya gurudumu moja,
mvua ya barafu ikiwachapa usoni,
wanne wakishika, wawili wakimulika.
Kila waliposhuka, pumzi yake ilirudi kidogo,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Walipofika Mweka aliomba uji.
Soli ya kulia ya Elisaria ilibaki mahali fulani
kati ya giza na mti wa kwanza.

Bakshishi haikutoka. Kileleni hawakufika.

Basi akaja kwangu na kiatu kimoja na nusu,
kimefungwa kwa kamba ya hema.
Sikumwambia pole.
Neno hilo wamelichapa kwenye fulana, mara mbili mbili,
linauzwa kwa dola pale karibu na stendi.
Nilivuta daftari, nikaandika:
Elisaria, mabuti, elfu tano. Soli moja, elfu nane.
Atalipa mwezi wa saba, njia zikikauka.
Na pembeni, kwa maandishi madogo
asiyoweza kuyasoma mtu wa kodi:
karudi.

Kurasa za nyuma zina majina mawili
ambayo hayana neno hilo.
Sijayafuta. Wala sidai.

Kiatu kiko dirishani.
Gundi inataka siku mbili za jua,
na leo, tangu asubuhi,
Kibo sijaiona.