Aya ya Tatu

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Luthuli, lifti imekufa tangu Pasaka.
Wanaofika mezani kwangu hufika wakihema,
na mtu anayehema, nimejifunza,
husema ukweli kidogo kabla hajapata pumzi.

Mlangoni: Wakili. Kamishna wa Viapo. Mthibitishaji wa Hati.
Ukutani: barua ya Jaji Mkuu, fremu imepinda.
Miaka mitano ya uwakili kwanza,
ndipo nikaomba, ndipo nikapewa
kipande cha chuma chenye meno
kinachouma karatasi na kuacha kovu
unaloweza kulisoma kwa kidole, hata gizani.
Mama alikigeuza mkononi. "Hicho tu?"
Hicho tu, Mama.

Asubuhi Bwana Lomuria, na hati ya uwakilishi.
Mkewe yuko Doha, sahihi yake iko hapa,
wino umeshakauka.
"Gonga tu, wakili. Ni mke wangu, namjua."
Wewe unamjua. Mimi sijamwona.
Akasukuma noti mbili chini ya kalenda, taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto.
Nikamrudishia mtoto wake.
Alishuka akinitukana ghorofa mbili nzima;
tusi la mwisho lilimezwa na spika za wauza redio.

Kisha Abdinoor Galgalo.
Cheti cha kuzaliwa kinamwita Abdi Nuri,
kitambulisho, Abdinor.
Serikali imemwandika mara mbili, ikakosea zote.
Amekuja kuapa kwamba yeye ni yeye.
Msahafu droo ya juu, Biblia ya chini,
si kwa cheo: Biblia ni nene, ya juu haifungiki.
Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaapa.

Je, ni kweli? Sijui. Sikuulizwa hilo.
Muhuri hausemi huyu ni mkweli.
Unasema alifika,
uso wake ulifanana na picha yake,
aliapa na kutia sahihi nikimtazama, siku hii.
Yaliyobaki ni ya hakimu, na ya Mungu.

Saa saba kaka yangu Onsando, na chipsi,
na hati ya shamba la baba kule Keroka.
"Kwako itakuwa bure."
Ndiyo maana haiwezekani.
Jina langu limo, aya ya pili, miongoni mwa warithi.
Anayekula hapimi kibaba.
Nenda ghorofa ya tano, kwa Bi. Wanza, atakutoza.
"Dada wa tumbo moja ananiongezea ngazi!"
Chipsi alisahau mezani.
Nikazila. Sheria haikuzitaja.

Karibu saa kumi, Bi. Kasyoka na mpwa wake.
Yeye hajui kusoma, kijana anajua sana.
Kidole gumba alikuwa ameshapakwa wino huko ngazini.
"Shangazi ameelewa, wakili, tusikupotezee muda."
Muda ni wangu. Nikamwonyesha kijana benchi la nje,
nikafunga mlango,
nikasoma. Yote. Kwa Kiswahili cha sokoni.
Aya ya kwanza, kiwanja Kayole. Akaitikia.
Aya ya pili, bei. Akaitikia.
Aya ya tatu: *wala sitadai chochote tena,
mimi wala wanangu.*

Kidole kilisimama hewani.
"Hilo la wanangu, nani alilisema?"

Nilikuwa na jibu, lilinijaa kinywani kama maji ya moto.
Lakini mimi si wakili wake, wala wa kijana.
Kumwambia tia si kazi yangu, kumwambia usitie pia.
Kazi yangu ni asikie.
Nikamrudia aya ya tatu,
polepole kuliko mwanzo.

Akainuka. Akatafuta pa kufutia wino,
akakosa,
akafuta ukutani, chini ya barua ya Jaji Mkuu.

Daftari langu la siku ile linasema:
*Imesomwa. Imeeleweka. Haikutiwa alama.*
Nao ukuta una alama ya gumba moja, nyeusi, safi,
ambayo mpaka leo sijairuhusu kupakwa rangi.