Aliyeshika Tochi

Mimi sikuchimba.
Nasema hivyo kila Jumapili kengele ikilia:
sikuchimba, nilishika tochi tu.
Chepe lilikuwa la Ntakwinja, jasho lilikuwa lake,
na jiwe la mpaka lilikuwa la marehemu Birindwa
aliyelisimika mwaka alipomuoa Nsimire,
akachora juu yake msalaba kwa msumari,
msalaba uliopinda, maana hakuwa fundi wa mawe.

Tulilizika lile, tukasimika jingine
la saruji, lenye namba ya kadasta,
hatua saba ndani ya lengalenga za mjane.
Funu nzima ilikuwa imelala. Umeme ulikatika tangu Jumanne,
na kule chini ziwa halikuonekana, lilisikika tu.
Nilipewa dola ishirini.
Nikalipa shule ya Asifiwe, na Asifiwe akafaulu.
Hilo nalo sijui nilipeleke wapi.

Mama Nsimire alishtaki mara moja.
Wakamwomba pesa ya karatasi,
kisha pesa ya mhuri,
kisha pesa ya yule mwenye mhuri.
Akarudi kwa miguu.
Tangu hapo, zamu yake ya sala ikifika kwenye shirika letu,
hasemi mengi. Husema:
«Bwana, wewe huna haja ya tochi.»
Wenzangu huitikia Amina.
Mimi hutazama viatu vyangu.

Je, anajua?
Hunipa amani ya Kristo kwa mkono wenye udongo kwenye kucha,
udongo wa zile hatua zilizobaki,
na mkono wake hautetemeki.

Padri alisoma: hakuna lililofunikwa ambalo halitafunuliwa.
Watu hudhani neno hilo ni tishio kwa wezi.
Hata mimi nilidhani hivyo, miaka.
Sasa nalisikia kama aliyefukiwa na kifusi
anavyosikia majembe juu ya kichwa chake:
wanachimba, wanakaribia,
ee Mungu, wasichoke.

Mvua ya Novemba hapa Bukavu haibishi hodi.
Kila mwaka huondoka na kitu:
choo, ukuta, mwaka juzi mtoto wa kina Bashige.
Mwaka huu imeula udongo wa Ntakwinja
usiku baada ya usiku, bila karatasi, bila mhuri.
Leo alfajiri nilipita na ndoo,
nikaona kona ya jiwe imechomoza
kama goti la mtu anayejaribu kuamka,
na juu yake mkono mmoja wa msalaba, umepinda.

Hapakuwa na mtu.
Nakiri na hili: mguu wangu ulijua la kufanya kabla yangu.
Kisigino kilikwisha kuvuta tope
nilipousikia mlango wake, kikohozi chake,
na mkaa ukimiminwa kwenye jiko.

Nikaweka ndoo chini.
Shikamoo haikutoka. Hodi haikutoka.
Kilichotoka ni hiki:
«Mama Nsimire, njoo uone.
Walikuwa wawili usiku ule.
Wa pili usihangaike kumtafuta.»

Alikuja na kanga kichwani, hakukimbia.
Akachuchumaa. Hakunitazama.
Mvua ilikuwa bado inaosha,
taratibu,
mkono wa pili wa msalaba.