Mita Sita

Sabufa iliingia nyumbani Jumamosi,
imefungwa kitenge kama mtoto wa watu,
na tangu usiku ule ikawa inavuma yenyewe,
hata muziki ukiwa umezimwa:
mmmmm, chini ya kabati, chini ya maongezi,
mpaka vikombe vya mama vikaanza kugusana mabega.

Chola wa dukani akasema ni kebo.
"Ile ya dola tatu? Kaka, hiyo ni kamba ya mbuzi."
Akanitolea nyingine, nene kama nyoka aliyeshiba,
vichwa vya dhahabu, boksi lenye dirisha.
"Shaba tupu. Imetoka ng'ambo."
Dola arobaini.
Nimezaliwa Lubumbashi,
nimekua nikilitazama lile bomba la moshi
na ule mlima mweusi wa masalia ya tanuri,
na bado nikalipa ili shaba irudi kwao ndani ya boksi.

Mvumo haukuhama.

Baba akachukua kisu cha jikoni,
akaichana kebo ubavuni kabla sijasema neno,
akakwangua.
Wekundu ukabanduka kama rangi ya kucha.
Ndani, weupe.
"Alumini," alisema. "Wameivalisha shati letu."
Miaka ishirini na miwili mbele ya tanuri
haikumwachia pensheni. Ilimwachia jicho hilo.

Nikamwita fundi Kabange kutoka Katuba,
mwanamke asiyecheka na mteja kabla hajaona fyuzi.
Alitugeuza wote tutazame ukuta,
akawa anabadilisha kebo nyuma yetu, kimya kimya:
"Sasa ni ipi? Na sasa?"
Dada yangu Mwenze aliitaja ya arobaini mara nne;
mara tatu ilikuwa ile ya mbuzi.

"Kebo ya sabufa haina makuu," Kabange alisema,
huku anajifuta mikono kwenye kitenge.
"Iwe na koti la nyuzi lisilotoboka,
ishike kichwani bila kutikisika,
isiwe ndefu kuliko safari yake.
Zaidi ya hapo unamnunulia Chola viatu."
Kisha akauliza jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa:
"Nyumba hii, waya wake wa ardhi uko wapi?"

Tukaufuata ukutani, tukatoka nje, hadi nyuma ya choo,
pale penye kichuguu tulichoshindwa kukibomoa.
Kibanio kilikuwepo, kimeota kutu.
Kilikuwa kimeshika hewa.

Baba alitazama kandambili zake.
"Mita sita," alisema.
"Mwaka ule kampani ilitulipa kwa unga, kisha bila unga.
Nilichimba usiku, polepole, mama yenu asisikie jembe.
Wakapima kwa kilo, wakanipunja.
Ilikuwa ada ya darasa lako la nne, Ilunga,
na daftari moja la mistari."

Nikalikumbuka daftari lile, jalada la bluu.
Sikukumbuka hata neno moja nililoandika ndani.

Kabange hakusema pole.
Aliomba nyundo, chumvi na ndoo ya maji,
akaenda kwa wauza vyuma chakavu,
akarudi na waya mwekundu, wa zamani, wenye mikunjo,
ambao baba aliushika kwa muda mrefu
kuliko kazi ilivyohitaji.

Mvumo ukakatika
katikati ya sentensi ya mama,
na mama akajikuta anapiga kelele bila sababu.
Akavipanga vikombe upya
na kuviacha mbalimbali, kwa mazoea.

Baba tu ndiye hakulala.
"Nilikuwa nimeuzoea," alisema asubuhi mbele ya chai.
"Ulinguruma kama kiwanda zamu ya usiku,
zamani zile, kilipokuwa bado kina zamu ya usiku."

Sasa sabufa inacheza kwa kebo ya dola tatu.
Besi inabisha kifuani kama mtu aliyekuja kudai chake.
Ile ya arobaini mama ameinyoosha uani
kati ya misumari miwili.
Leo imebeba soksi za baba, zote mbili zimetoboka,
na upepo ukipita haitoi sauti yoyote.