Jana Ilikuwa Haijalala

Umeme ulikatika Wete saa nane na robo,
ukarudi saa tisa.
Programu imeamka nusu.

Naiuliza uzito wa gunia la kwanza: inataja.
Naiambia, punguza kilo mbili: inagoma.
Sina kazi ya jina hilo, inasema,
kama karani anayekataa kufuta mstari
katika daftari alilolifuta jana kwa mkono wake.

Na jana ilifuta. Shaame Faki shahidi,
yeye na mizani yake hapo chini ghalani,
magunia arubaini na moja ya karafuu,
na zile kilo mbili alizozidisha kwa usingizi.

Msimbo sijaugusa, naapa.
Mabano nayahesabu kama punje za tasbihi,
matatu, manne, matano. Yamefungwa.
Chai imepoa, harufu ya karafuu inapanda kwenye mbao za sakafu.

Basi naanza juu. Nasoma kama mashine inavyosoma,
bila kujua yajayo.
Mstari wa kumi na mbili: *badili uzito wa gunia.*
Gunia lipi? Haijaambiwa.
Ikakisia, ikaandika ilichokisia, ikatoa onyo moja jembamba
(nililiona, nikalipita kama mtu ninayemdai haya)
ikaendelea.
Mstari wa mia mbili na tatu, baada ya risiti,
baada hata ya kuaga,
ndipo nilipoeleza:
gunia ni kitu chenye uzito, mwenyewe, na unyevu.

Mbeleko nimekata, mwana hajazaliwa.

Bi Mize, skuli, alikuwa akigonga ubao:
"*Kimevunjika!* Nini kimevunjika?
Umeniletea *ki*, kitu chenyewe kiko wapi?"
Tukacheka, maana kiti tulikiona sote,
kimelala ubavu mlangoni, mguu mmoja hakina.
Mashine haikuwamo darasani.

Jana kwa nini ilikubali?
Wiki tatu ilikuwa macho.
Mchana mmoja, kwa haraka, niliieleza gunia kwa mdomo,
ikaweka moyoni, isiulize limeandikwa wapi,
na kila nilichoandika baadaye kilisimama juu ya mchana ule.
Nikadhani nimeandika vyema.
Kumbe nilikuwa nakumbukwa tu.

Nayakata maelezo ya gunia, nayapandisha mstari wa kwanza.
Halafu naizima mwenyewe, kwa makusudi,
nahesabu hadi kumi gizani,
naiwasha ikiwa haijui hata jina langu.

Punguza kilo mbili.
Imepunguza.

Saa kumi na mbili na nusu Shaame anapanda ngazi,
kandambili mkononi, anachungulia.
"Nasikia imekusumbua. Jana si ilikuwa inafanya?"
"Jana," namwambia, "ilikuwa haijalala."