Malipo ni kwa Mstari

Studio yetu ilikuwa chumba cha kulala, Ngara,
ghorofa ya pili, juu ya Otwori fundi viatu.
Kabla ya kurekodi tunachomoa friji,
tunaziba dirisha kwa godoro,
kisha mtu anateremka kumsihi Otwori
apumzishe nyundo, dakika kumi tu, mzee.
Hapo ndipo mimi, Nekesa, mama wa wawili,
mwenye magoti yanayotabiri mvua,
huwa mvulana wa miaka kumi na miwili
aliyelelewa na mbweha,
apasuaye milima kwa ukelele.

Kupiga kelele si kazi. Kila mtu hupiga kelele.
Kazi ni mdomo.
Mdomo uliochorwa Japani,
unafunguka mara tatu, unafunga,
nami karatasini nimepewa "nitakungojea".
Ni-ta-ku-ngo-je-a. Sita!
Napunguza: "Nangoja."
Mfasiri ananuna; mdomo umeshiba.
Kuna siku kijana aliita "Mate!" kwa lugha ya kwao,
yaani subiri,
tukacheka hadi tukajifuta mate ya kwetu.
Ila zinafanana, anasema Wafula wa mitambo:
lugha zote mbili huacha mlango wazi
mwishoni mwa neno.

Alhamisi ni vita, vipindi vinne.
Jumamosi nina harusi Umoja,
na gita la marehemu kaka yangu
lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya Otwori.
Kati ya hizo, koo ni changarawe.
Ijumaa sisemi. Nanywa tangawizi,
nawaandikia wanangu daftarini: OSHENI VYOMBO.
Wanadai Ijumaa ndiyo siku ninayogomba zaidi.

Nina nyimbo tatu zangu mwenyewe.
Zimesikilizwa mara mia mbili na kumi na sita
na sitasema ni mara ngapi ni mimi.
Nikianza ya kwanza, ile ya polepole,
kuna sauti itatoka meza za nyuma:
"Tupe ya katuni!"
Nawapa. Kodi haina masikio.

Juzi dukani, nikingoja kupimiwa maharage,
mtoto aliruka kutoka ngazini
akapaza sauti yangu:
"Sirudi nyuma, hata mlima unifuate!"
Ilimtoka vizuri, ila pumzi aliivuta mapema.
Nikamjibu kwa sauti ileile.
Macho yake yalinipita,
yakamtafuta kijana huyo nyuma yangu,
kati ya magunia.

Leo anakufa. Kipindi cha hamsini na mbili.
Mdomo wake unafunguka mara moja, taratibu,
na waliomchora hawakumpa neno.
"Hapa hakuna kitu," Wafula anasoma.
Namwambia, washa.
Chini, nyundo imenyamaza bila kuombwa.
Nafungua mdomo pamoja naye.
Hewa inaingia, inasimama,
na sijui ni kifua cha nani
kinachokataa kuirudisha.
Wafula haniangalii. Anaangalia sindano
ikitikisika pale penye sifuri.

Kwenye hati ya malipo: mistari thelathini na mmoja.
Ule haukuhesabiwa.
Nimetia sahihi hivyohivyo,
nikaenda kuchomeka friji.